Akafa, Akawa Amepona

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa haongei Kiingereza. Nalisema hili mapema ili baadaye lisionekane umbea. Alikifundisha, alikiandika ubaoni kwa mwandiko ulionyooka, alikisahihisha kwa wino mwekundu mpaka daftari likaonekana limekatwa na wembe. Lakini kukitamka mbele ya mtu aliyezaliwa nacho, hapana. Alipokuja mkaguzi wa shule, Mwingereza mrefu mwenye soksi za kufika magotini, mwalimu alikumbuka ghafla kwamba chaki zimekwisha. Akaenda stoo. Alikaa huko muda ambao mtu angeweza kuichimba chaki mwenyewe kutoka ardhini. Mkaguzi alituuliza maswali, tukayajibu, akatusifu kwamba nyakati za vitenzi tunazijua vizuri kuliko shule nyingine alizopita. Mkaguzi alipokwisha kuondoka, mwalimu alirudi na chaki moja.

Sisi tulimwita Mwalimu tu, kana kwamba wengine pale shuleni walikuwa wapita njia. Shule yenyewe ilikuwa kilimani, upande wa Muleba, na siku ya mwanga mzuri tuliliona ziwa na visiwa vyake kupitia dirisha lisilokuwa na kioo. Alikuwa mfupi, mwenye koti la kahawia alilolivaa jua liwe kali au mvua inyeshe, na baiskeli ambayo aliisukuma zaidi ya kuipanda. Mfukoni mwa koti hakukosa mwani, kahawa yetu ile ya kutafuna, na alikuwa akimpa mtu yeyote aliyekutana naye njiani, kisha akasimama kumsalimu yeye, wazazi wake, watoto wake, ng'ombe wake na migomba yake. Ndiyo maana alichelewa kila siku. Na kila siku, akishafika amechelewa, aliwachapa waliochelewa. Hakuna aliyethubutu kumwuliza hesabu hiyo anaipigaje.

Lakini kwa kosa la wakati wa kitenzi hakumchapa mtu hata siku moja. Aliliheshimu kosa. Aliliandika ubaoni, akarudi nyuma hatua chache, akalitazama huku akitafuna mwani wake, kisha akauliza, "Hili limetoka wapi?" Hakuuliza limetoka kwa nani. Aliamini kwamba kosa lina kwao, na ukipajua kwao halitakusumbua tena.

Mengi yalitoka nyumbani kwetu. Sisi kwa Kihaya tuna zamani tatu. Aliyekwenda leo asubuhi anasema naagenda. Aliyekwenda jana anasema ngenzile. Aliyekwenda juzi, au mwaka jana, au enzi za babu yake, anasema nkagenda. Kwa hiyo Mwalimu alipoandika ubaoni "I went", mkono wangu ukapanda.

"Mwalimu, huyu amekwenda leo, jana au zamani?"

Alifurahi mpaka akaketi juu ya meza. "Mnasikia? Huyu binti ameuliza swali la mwenye mali. Mzungu hana jana, wanangu. Ana zamani moja tu, kama mtu mwenye shati moja. Aliyoyafanya leo asubuhi anayavisha shati hilo, na ya mwaka wa njaa anayavisha hilo hilo. Msimcheke. Mwonyesheni njia, mwandikieni 'yesterday' pembeni ajue yuko wapi."

Tangu siku hiyo nilimpenda. Wasichana tulikuwa wachache darasani na tulizoea kuambiwa tunyamaze.

Kosa lililomsumbua kuliko yote lilikuwa la neno moja, akaba. Kwa Kihaya akaba ni alikuwa, lakini lina kazi nyingine ya kurudi nyuma. Unasimulia jambo la zamani, unakumbuka jingine lililolitangulia, unasema akaba, na kila anayekusikiliza anajua umepiga hatua moja nyuma. Basi sisi watoto tulilichukua neno hilo tukalivika Kiswahili cha shule. Akaba likawa akawa, maana yanafanana kama mapacha. Kumbe akawa la Kiswahili halirudi nyuma, linakwenda mbele. Kisha tukalipeleka hivyo hivyo kwenye Kiingereza. Mwenzetu mmoja aliandika insha ya fisi. Alitaka kusema kwamba fisi alipofika, mbuzi alikuwa amekwisha kuingia ndani. Akaandika kwa Kiingereza kwamba fisi alifika, kisha mbuzi akaingia.

Mwalimu aliisoma insha kwa huzuni ya kweli. "Mbuzi wako ameliwa," alisema. "Kwa Kihaya alikuwa salama, amefungiwa ndani na mama yako. Umemvusha mpaka Ulaya, umemtoa nje, fisi amemla."

Halafu akatutoa darasani wote. Akamwambia mmoja aingie aketi. Akamwambia wa pili aingie. "Wa pili alipoingia, wa kwanza alifanya nini?" "Aliketi." "Hapana. Ukisema aliketi, wameketi pamoja, wamegongana viti. Wa kwanza alikuwa amekwisha kuketi. Had. Had ni mgeni aliyetangulia. Ukimsahau, unavuruga karamu." Tuliingia na kutoka asubuhi nzima. Mwalimu wa hesabu alituchungulia akadhani tumeambiwa shule inahamishwa.

Miaka mingi baadaye mke wake ndiye aliyenieleza kwa nini alikuwa bubu mbele ya Waingereza. Sisi Wahaya l na r kwetu ni ndugu wa tumbo moja, wanaazimana nguo. Alipokuwa kijana chuoni, alialikwa chakula na mama mmoja wa misheni. Akaulizwa wanafunzi hufanya nini jioni. Alitaka kusema "we pray", tunasali. Ulimi ukasema "we play". Kila jioni, kabla ya kulala, kwa moyo wote, tunacheza. Meza nzima ilicheka, tena kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma. Kwa namna alivyokuwa Mlutheri wa kweli, aliona amemtania Mungu mbele ya watu. Tangu hapo hata kanisani, ukija wimbo wa Kiingereza, alifungua kitabu na kufumba mdomo.

Nilicheka mkewe aliponisimulia, kisha nikashindwa kuendelea kucheka, kwa sababu wakati huo nilikuwa nimekwisha kuona kwa macho yangu woga huo ulivyomgharimu siku moja.

Baba yangu aligombana na jirani kwa ajili ya mpaka. Kwetu mpaka wa kibanja, shamba la migomba, hupandwa milamula, miti isiyokufa upesi, na jirani aliing'oa kadhaa akaisogeza upande wetu. Baba akampiga fimbo ya kichwa. Sitalipamba hilo, alimpiga, na damu ilitoka. Wazee wakakaa, milamula ikarudishwa, jirani akafungwa kitambaa, akapona, na wakanywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, pamoja kwenye kata moja. Kwenye harusi ya binti wa shangazi yake, jirani huyo alicheza mpaka watu wakamzunguka. Baada ya hapo akaenda kisiwa cha Goziba kuvua samaki, akashikwa na homa huko, na habari ya kifo chake ikaja na mtumbwi. Ndugu zake wakasema si homa, ni fimbo. Wiki ile askari wakaja wakamchukua baba akiwa na panga la kukatia majani mkononi.

Kijijini hakuna aliyejua tofauti ya kifungo na kitanzi. Mama alijua kitanzi tu. Alilala amevaa nguo za kutokea, kana kwamba angeitwa wakati wowote.

Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, ndiye aliyesikiliza kesi pale Bukoba kwanza, aamue kama baba apelekwe mbele ya jaji au aachiwe. Mimi na mama tulikaa benchi la nyuma. Baba alisimama mbele na pingu, amekonda, miguu yake mitupu imejaa vumbi. Nilipogeuka nikamwona Mwalimu mlangoni na koti lake. Alikuwa amepanda lori la kahawa kutoka Muleba, juu ya magunia. Nilimwuliza kwa kunong'ona amefuata nini mjini.

"Chaki," alisema, akakaa karibu nasi.

Walimwita mama mzazi wa marehemu. Alikuwa bibi mwembamba aliyenyoa nywele kwa ajili ya msiba, na alisema Kihaya peke yake. Mkalimani alikuwa mtu wa mjini, Mwislamu mwenye kanzu safi ambaye wazee wake walitoka pwani. Kiswahili chake kilikuwa kizuri ajabu, na watu walimheshimu. Kihaya chake alikipata sokoni.

Bibi akaulizwa kama mtu huyu alimpiga mwanawe.

"Eego. Akamuteela enkoni."

"Ndiyo. Akampiga fimbo," akasema mkalimani, kisha akalitia kwenye Kiingereza.

Akaulizwa mwanawe yuko wapi sasa.

"Akafa."

"Akafa," akasema mkalimani. Neno ni hilo hilo kwa lugha zote mbili, hakuwa na la kubadili. Lakini masikioni mwa anayejua Kiswahili, akampiga na akafa tayari yalikuwa yameshikana mikono. Mama akakibana kidole changu.

Hapo bibi, bila kuulizwa, akaongeza, "Akaba akizile."

Mkalimani akasita. "Akawa amepona."

Bwana Shauri alijua Kiswahili kiasi. Akainua uso. "Akafa, akawa amepona?"

Watu wakacheka. Hata askari alicheka. Mkalimani aliona haya, na kwa heshima kabisa akaeleza kwa Kiingereza kwamba mama huyu amefiwa, akili yake imechoka, asamehewe. Bwana Shauri akatikisa kichwa kwa huruma na kumwashiria karani asiandike hilo la mwisho. Kalamu ikasimama. Mimi nilikuwa nimelisikia kwa Kihaya na kulielewa, lakini nilikuwa msichana wa shule tu, na nilidhani wakubwa wamelielewa pia na wana sababu zao za kucheka.

Bibi hakucheka. Akarudia kwa sauti ya juu, akimtazama kila mtu mmoja mmoja, "Akaba akizile, waitu. Akaba akizile."

"Bibi, yatosha," mkalimani akamwambia kwa upole.

Benchi likalia. Mwalimu alikuwa amesimama. Askari akamwashiria akae, hakukaa. Alilishika koti lake kwa mikono miwili pale kifuani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikamsikia akisema Kiingereza na Mwingereza.

"Sir," alisema. "He had."

Nilijua neno linalofuata, na nikaona midomo yake ikilitafuta mahali pa kulishikia. Linaanza na r. Baba alimgeukia. Bwana Shauri alingoja, kalamu hewani.

"He had lecovered."

Hakuna aliyecheka. Bwana Shauri akasema, "Say that again." Nilimwona Mwalimu akiingiwa na baridi, kwa maana alidhani anarudishiwa ile meza ya misheni. Akafumba macho. "Before he died," alisema, polepole kama anayeandika ubaoni, "he had lecovered." Kwa l ile ile.

"Had?" Bwana Shauri akauliza. "Had recovered?"

"Had, sir."

Hilo ndilo alilotaka kulihakikisha, ile had. Akachukua kalamu kwa karani akaliandika mwenyewe.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio. Bwana Shauri akamruhusu Mwalimu amwulize bibi kwa Kihaya. Bibi akaeleza yote, kidonda kilivyofunga, mwanawe alivyobeba mikungu ya ndizi kwa kichwa kile kile, alivyocheza harusini, na alivyoagana naye akiwa mzima siku ya kwenda Goziba. Mkalimani akasimama karibu na Mwalimu na kila neno akalipima kabla ya kulitoa. "Alikuwa amekwisha kupona," alisema safari hii, na mama yangu akaachia kidole changu. Baadaye wakaitwa wavuvi waliokuwa kambi moja na marehemu, wakaeleza homa ilivyoanza na iliwashika wangapi. Baba akaambiwa aende nyumbani.

Mama aliketi kwenye ngazi za Boma akacheka. Hakuweza kuinuka. Kila tukimshika mkono anacheka tena, machozi yanamtiririka, mpaka watu waliokuja kwa kesi zao wakaanza kucheka naye bila kujua sababu. Baba alisimama pembeni akisugua vifundo vya mikono, akauliza kama kuna mtu aliyekuja na chakula. Kulikuwa na matoke yaliyofungwa kwenye majani, yamepoa. Alikula kwa kusimama. Kabla ya kumaliza akaliacha jani kwenye ngazi, akamfuata bibi yule kwenye kivuli cha ukuta, akapiga magoti. Sikusikia walichosema. Niliona bibi akimwekea mkono kichwani, kisha akauondoa upesi, akatazama kwingine. Baba alimpalilia kibanja chake kila msimu tangu mwaka ule, na bibi hakuwahi kumshukuru wala kumkataza.

Mkalimani alitoka akamfuata Mwalimu. "Mwalimu, Kihaya changu ni cha kununulia samaki," alisema. "Sikujua kama iko siku nitakipimia roho ya mtu."

"Usijilaumu, bwana. Wanafunzi wangu wameua mbuzi wengi kwa njia hiyo hiyo."

Ikabidi amweleze habari za mbuzi. Waliondoka pamoja kuelekea mitaa ya mjini, kwenda kunywa kahawa ya tangawizi nyumbani kwa mkalimani, na tangu siku hiyo wakawa marafiki wa kutembeleana. Nasikia mkalimani alijifunza Kihaya upya, kwa umri ule, na alikuwa akimtumia Mwalimu maswali kwa madereva wa malori.

Ungetegemea niseme kwamba baada ya hapo Mwalimu alifunguka ulimi. Hapana. Mkaguzi alikuja muhula uliofuata, na tulipomtafuta Mwalimu, yuko stoo.

Nilikuja kuwa mwalimu mimi mwenyewe, wa watoto wadogo, upande wa Kashozi. Mara ya mwisho kumwona wakati wa Mwingereza ilikuwa Muleba, mwaka ambao kila mtu alikuwa anazungumzia Uhuru. Nilishuka kwenye basi nikienda likizo nyumbani, nikamkuta sokoni ameegemea baiskeli, amestaafu, koti limekuwa kubwa kuliko yeye. Nilipiga magoti kumsalimu. Alinipa mwani. Akaniuliza wanafunzi wangu wanakosea nini, nikamweleza, akaomba nirudie kosa moja alilolipenda.

Halafu, bila mimi kuuliza, akasema, "Siku ile nilikaa kwanza, unajua."

"Siku gani, Mwalimu?"

"Ya baba yako. Mkalimani aliposema akawa, nilijua papo hapo. Nani angejua kama si mimi? Nikatazama dirishani. Nikajiambia, yumo mwingine humu atakayesema. Karani Mhaya yumo. Mchungaji yumo. Nikatulia."

Nilikuwa nimembeba kichwani miaka yote kama mtu aliyeruka kutoka benchini. "Sasa ulisimama kwa nini?"

"Yule mama alirudia. Amefiwa na mwanawe, anamsemea aliyempiga, na watu wanamcheka. Nikasema, kama ni kuchekwa, basi tuchekwe wawili."

Basi likapiga honi, abiria wa Biharamulo wakakimbilia mlangoni. Likaondoka na vumbi lake.

"Baba yako anafanya nini saa hizi?" aliuliza.

"Nadhani anaanika kahawa. Jua ni zuri."

"Niambie kwa Kiingereza."

Nilimtazama nikidhani anatania. Hakuwa anatania. Nikasema, "He is drying coffee."

Aliisikiliza kama anavyosikiliza mtu aliyengoja habari ya mgonjwa. Akaivua kofia yake, akaivaa tena. "Sentensi hiyo," alisema, "ingeweza kuwa ya wakati mwingine kabisa."

Machozi yalinijia pale pale sokoni, mbele ya wauza ndizi, na sikuyaficha. Nilimwomba twende nyumbani akamwone. Akakubali, na kwa kuwa alimsalimu kila tuliyekutana naye pamoja na migomba yake, tulifika jua limeanza kupinda. Baba alikuwa uani ameinama juu ya mikeka, anageuza kahawa kwa mikono, mgongo wake mweusi unang'aa kwa jasho. Alituona tunakuja moja kwa moja.

"Piteni pembeni," alisema. "Mtanikanyagia kahawa."